Kuponi za Mke Wangu Nilizificha Kabatini

BARUA

Dada mshauri mpendwa,

Nakuandikia mbio mbio, naomba unisaidie kabla Jumamosi ya wiki ijayo haijafika, maana siku hiyo mke wangu atasimama mbele ya kikundi cha akina mama wa mtaa wetu awafundishe jinsi alivyonunua cherehani kwa kuponi za dukani, na mimi mumewe natakiwa niketi pembeni yake niitikie kwa kichwa, na jambo lenyewe, dada yangu, si kweli, na anayejua kwamba si kweli ni mimi peke yangu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimestaafu huu mwaka wa sita, na nilipooa tulikaa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu, meza moja, mguu wake mmoja mfupi nimeukingia daftari la mwanafunzi aliyehama shule. Enzi hizo gazeti la Jumatano lilikuwa na ukurasa mzima wa kuponi, zimezungushiwa vistari vya nukta nukta, punguzo la sabuni ya kufulia, punguzo la mafuta ya kupikia, dawa ya meno nunua mbili ya tatu bure, na mke wangu tukishamaliza kula anafuta meza mara mbili, maana kuponi yenye doa la mafuta keshia anaikataa, anatandaza gazeti, anachukua mkasi wake wa kushonea, ule ambao hakuna kiumbe aliyeruhusiwa kuugusa hata kwa kukata uzi wa kiatu, na anaanza kukata pole pole, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Mtoto wetu yuko chini ya meza anaokota vipande vilivyoanguka. Redio ya jirani inasikika ukutani, hatukuwa na yetu. Mimi kazi yangu ilikuwa hesabu. "Mwalimu," ananiuliza, nyumbani pia aliniita hivyo, "asilimia kumi na tano ya hii ni ngapi?" Namwambia. "Na tukichukua mbili?" Namwambia. Anaandika kwa penseli, anaweka kwenye bahasha, sabuni peke yake, vyakula peke yake, na usoni mwake unaona kabisa kwamba mtu huyu ana furaha. Dada, mimi nimepanda cheo mara mbili maishani na nimepewa cheti cha utumishi mwema mbele ya watu mia nne, lakini ukiniambia nichague siku ya kurudi, nitachagua Jumatano yoyote ile, hata yenye mvua na bati linavuja.

Mke wangu alikuwa mshonaji, ila cherehani hakuwa nayo, alikuwa anashonea ya mwenzake kwa zamu, na Jumamosi ndiyo siku wateja wanafuata nguo zao, kwa hiyo kwenda dukani ikawa kazi yangu. Mpango ulikuwa wake. Mimi naenda na bahasha, natoa kuponi, napunguziwa, narudi, na kile kilichopungua kwenye bei natoa mfukoni naweka mezani, naye anakitia kwenye kopo la maziwa ya unga alilolitoboa tundu kwenye kifuniko. Haba na haba hujaza kibaba. Kopo likijaa, cherehani.

Sasa nikueleze Jumamosi ya kwanza. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na keshia alikuwa binti niliyewahi kumfundisha dada yake, akanisalimia vizuri, shikamoo mwalimu, nikatoa kuponi ya sabuni. Akaitazama. Akaigeuza. Kisha akainyanyua juu, mkono wote umenyooka, akamwita msimamizi aliyekuwa huko mwisho kwenye mafriji, "Hii ya mwalimu inapokelewa?" Duka zima likageuka. Msimamizi akaja taratibu kama mtu aliyetumwa asikotaka, akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akasema imeisha muda jana. Na nyuma yangu kabisa alikuwa mama wa mwanafunzi wangu mmoja, na mwanafunzi mwenyewe, ambaye Alhamisi ile ile nilikuwa nimemsema darasani kwa kutokuja na mkebe wa hesabu. Yule mtoto akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, mwalimu hana pesa?" Mama yake akamwambia, "Sss, nyamaza." Swali la mtoto nililimeza. Ile "sss" ya mama yake bado imenikaa kooni mpaka leo.

Nikalipa bei kamili. Za mafuta na dawa ya meno sikuzitoa kabisa ingawa zilikuwa hai. Nikafika nyumbani, mke wangu ameshika kopo kwa mikono miwili, amekaa pembeni ya kitanda, hata kilemba hajavua. "Umeokoa ngapi, Mwalimu?" Dada, ungeuona ule uso usingeweza kusema neno. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa pesa yangu ya chai ya wiki nzima pale shuleni, nikahesabu kiasi kile kile tulichokipiga Jumatano bila kupungua hata senti, nikaweka mezani. Ikalia ndani ya kopo. Akacheka, akasema, "Unaona? Na ulikuwa unaona haya."

Njia ya mwongo ni fupi, tumefundishwa, lakini yangu ilikwenda miaka kumi na minne. Kila Jumamosi. Niliacha chai ya saa nne, nikawaambia walimu wenzangu kwamba tumbo langu halipatani na majani ya chai, wakanihurumia, mmoja akaniletea dawa ya mizizi nikainywa kwa aibu. Nilisahihisha mitihani ya shule ya jioni kwa malipo ambayo nyumbani sikuyataja. Njaa niliizoea isipokuwa mwanzoni, na bahati nzuri mwezi wa pili mke wangu akaanza kunifungia chakula kwenye kitambaa, sikumwomba, alisema tu kilibaki jana. Kuhusu risiti nilimwambia duka linabaki nazo, wanazibana pamoja na kuponi, akasema, "Aha, sawa," hakuuliza tena. Likizo za shule, mimi nikiwa na kazi ya kusahihisha, alikwenda dukani mwenyewe, na huko alikuwa simba, mara moja walimkosea kwenye punguzo la sabuni akagundua yuko nusu ya njia, akarudi kwa miguu jua la saa saba, akadai, wakampa na wakamwomba radhi, akarudi nyumbani na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Baada ya miaka miwili na miezi minne kopo lilinunua cherehani. Ililetwa na mkokoteni, majirani wakatoka, mke wangu akaifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe na kuwatangazia, "Hii ni kuponi tupu!" Siku hiyo ndipo alipopewa jina la Mama Mkasi, na mpaka leo hilo ndilo jina lake, hata wajukuu wa majirani hawajui lingine. Kopo hilo hilo baadaye lilinunua mabati ya jiko, likalipa ada ya mtoto mihula mitatu, na likanunua miwani ninayoandikia barua hii.

Zile kuponi sikuzitupa. Nilizificha kwenye kabati la shule nyuma ya madaftari ya mahudhurio, na nilipostaafu nikazileta nyumbani ndani ya boksi nililoandika MITIHANI YA ZAMANI, limekaa juu ya kabati la nguo. Sikuzitupa kwa sababu nyuma ya kila moja mke wangu alikuwa anaandika kwa penseli. "Ya kopo la bluu, si jekundu." "Mwisho wa mwezi, usizubae." "Yule keshia mrefu ana roho nzuri, pita kwake." Kuna moja imeandikwa, "Mvua inakuja, chukua mwavuli, sabuni isilowe," halafu chini yake kwa herufi ndogo, "na wewe pia." Akienda kwenye kikundi chake mimi hushusha boksi, nikazisoma. Sijawahi kuandikiwa barua na mke wangu, hatukuwahi kukaa mbali, lakini nikihesabu hizo ninazo zaidi ya elfu mbili.

Siku hizi mambo ni rahisi, kuna kadi ya pointi, mashine inalia mara moja tu, hakuna anayenyanyua kitu juu, mwisho wa mwezi unaambiwa una pointi kadhaa chukua mchele. Natumia kadi bila aibu na silipi mara mbili. Lakini hakuna mkasi, hakuna kufuta meza, na pointi haziwezi kulia ndani ya kopo. Nilidhani basi, uongo wangu umezeeka na utakufa nami kwa amani.

Kumbe umezaa. Mtoto wetu, yule wa chini ya meza, ni fundi umeme sasa, ameoa, mkewe ni muuguzi na yuko likizo ya uzazi, mtoto wao ana miezi minne. Pesa zimebana, mshahara wa likizo wa mkwe wangu umekatwa nusu, na kijana wetu ameona dawa ya shida ni ile ya mama yake, ameweka kopo juu ya friji na kumwambia mkewe achukue kuponi zote, za gazeti, za kwenye simu, pointi za maduka mawili, na kilichookolewa kiingie koponi. Kopo halijai. Na haliwezi kujaa, mimi ndiye ninayejua kwa nini! Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Mama yangu alinunua cherehani, wewe hata sufuria unashindwa?"

Wiki mbili zilizopita walikuja kula kwetu Jumapili. Nikamtazama mkwe wangu anavyokula. Alikula kimya, haraka, macho kwenye sahani. Dada, mimi ile namna ya kula naijua. Alipotoka nje kuanika nguo za mtoto nikamfuata.

"Mwanangu," nikamwambia, "mchana huwa unakula nini?"

"Nakula, baba."

"Nimeuliza nini."

Akabana nguo ya mtoto kwenye kamba, akaibana tena. "Chai, baba."

"Na pesa ya chakula cha mchana anayokuachia mumeo?"

"Inaingia kwenye kopo," akasema. "Baba, tafadhali, usimwambie mama. Ataona nimeshindwa. Yeye aliweza."

Na mke wangu akatokea mlangoni amembeba mjukuu, akadhani tunazungumza habari za kopo kwa wema, akamwambia, "Utazoea, mwanangu. Mwulize baba yako, alikuwa harudi mikono mitupu." Akanitazama huku akitabasamu. Mimi nikasema nakwenda kuangalia tangi la maji, na tangi lilikuwa limejaa tangu asubuhi.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikinyamaza, yule binti ataendelea kushinda na chai ananyonyesha mtoto. Nikisema, namnyang'anya mke wangu cherehani yake, maana ana miaka sitini na mitatu na kitu anachojivunia duniani kuliko vyote, ukiacha mtoto na mjukuu, ni kwamba yeye kwa mkasi na akili yake aliinyanyua nyumba yetu. Na ataambiwa hayo wiki ile ile ambayo akina mama wamemwomba afundishe, ameshajishonea na gauni la siku hiyo. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mitatu kwamba jibu bila njia halina maksi. Leo jibu ninalo, njia sina. Naomba unioneshe njia.

Ni mimi,
Mwalimu Mstaafu, Mume wa Mama Mkasi

JIBU

Kaka yangu Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Nitakusema kidogo, na kwa kuwa wewe umewasema watoto wa watu miaka thelathini na mitatu, naamini utavumilia.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo umeniudhi zaidi. Ulikuwa na kuponi halali mkononi. Ulilipa bei kamili, halafu ukalipa tena kwenye kopo. Miaka kumi na minne! Ungetoa zile kuponi, sabuni ingepungua bei, chai yako ya saa nne ungekunywa, na kopo lingejaa pia, ingawa pole pole zaidi, maana nyingine zingekataliwa. Aibu ya dakika mbili imekugharimu kifungua kinywa cha miaka kumi na minne, na ukakubali mpaka kunywa mizizi ya watu kwa ugonjwa usiokuwa nao. Mwanafunzi akikuletea hesabu ya namna hiyo ungempa ngapi?

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi. Ile "sss" naijua. Mtu ukichekwa unaweza kucheka nao, ukihurumiwa unabaki umesimama tu. Ulikuwa kijana, una tai shingoni na viatu vilivyopigwa rangi, na ukaona heshima yako yote imenyanyuliwa juu na keshia. Pole, kaka. Natamani ungerudi nyumbani siku ile ukamweleza mkeo. Angekwenda yeye mwenyewe Jumatatu, na kwa jinsi ulivyonielezea, huyo msimamizi angejuta kuzaliwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo umeliandika kwa mkono wako na hukuliona. Unasema anayejua ni wewe peke yako. Mwalimu! Mkeo alikwenda dukani mwenyewe kila likizo, akatoa kuponi, akapewa risiti yake mkononi kama watu wote. Basi alijua duka halibaki na risiti. Mwanamke aliyerudi jua la saa saba kwa punguzo la sabuni, ukamwambia habari ya risiti isiyokuwepo, akajibu "Aha, sawa"? Na mwezi wa pili tu tangu uache kula shuleni akaanza kukufungia chakula cha "jana". Nakuuliza, katika vyumba vile viwili, na mshahara ule wa mwalimu, jana kilibaki chakula gani?

Mimi si mpiga ramli, siwezi kukuapia. Lakini nimesoma barua za wake kwa miaka mingi kwenye ukurasa huu, na nakwambia, mke huyo alijua kabla kuponi ya kumi haijaingia kwenye kabati lako. Kama hakujua yote, alijua nusu. Kwa nini alinyamaza? Labda aliona haya kukuaibisha mara ya pili. Labda pia, na hapa usininunie, alipiga hesabu zake. Mke gani anayemwona mume analeta pesa mezani kila Jumamosi kwa hiari yake, hadi senti, akaanza kuuliza maswali? Aliendelea kukata, akaendelea kukuandikia, ukaendelea kuweka. Kuponi ya kukabidhiwa keshia haiandikwi "na wewe pia". Inaandikwa hivyo kwa sababu anayeandika anajua atakayesoma ni wewe na si keshia.

Kwa hiyo ile hofu ya kumnyang'anya cherehani iondoe. Cherehani ile ni ya jasho lenu wawili. Yeye alishona kwa zamu kwenye mashine ya mwenzake, wewe ulishinda na njaa. Hakuna aliyeiba.

Haya yote, kaka, ni mazungumzo matamu ya wazee, na mngeweza kuyamaliza mwaka huu au mwakani mkiwa mmekaa barazani. Kisichoweza kusubiri ni yule binti. Hapo sitakubembeleza. Mtoto wa watu ananyonyesha kwa chai tupu kwa sababu ya hadithi ambayo wewe unajua ilikokosewa, ulimwona anakula, ukamwuliza, akakujibu, akakuomba, na wewe ukaenda kutazama tangi la maji. Wiki mbili! Umeniomba nikusaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi nashangaa uliwezaje kumaliza ile Jumapili. Mficha uchi hazai, wanasema wakubwa, na wewe umeficha mpaka uchi wako umemvaa mwingine.

Fanya hivi. Gazeti hili ukishalisoma, likunje, vaa viatu, nenda kwa mwanao. Usiende mikono mitupu, beba chakula kilichopikwa, kingi, na umkalishe mkwe wako ale mbele yako mpaka ashibe, kisha ndipo uzungumze. Mwanao akirudi kazini umwambie wewe mwenyewe, baba kwa mtoto, bila kumtuma mama yake: lile kopo lilijazwa na njaa yangu, na leo linajazwa na njaa ya mkeo, literemshe. Atakuona mdogo kwa dakika kadhaa. Vumilia. Ni afadhali akuone mdogo wewe kuliko kuendelea kumwona mkewe mzembe. Na kama ana akili ya nyumba aliyolelewa, atamwomba mkewe msamaha kabla hujafika kituo cha basi.

Uwaambie pia jambo ambalo mkeo analijua kuliko mimi na wewe. Kuponi inapunguza bei ya kitu ambacho ungekinunua hata bila kuponi. Basi. Pointi ni asante ya duka, huwezi kuzifanya mshahara. Mwezi mwingine utaokoa, mwezi mwingine hakuna, na mwezi usiookoa kitu, hakuna aliyeshindwa. Likizo ya uzazi inapita. Mwanao ana mikono na ufundi wa umeme, atafute kazi za Jumapili kama wewe ulivyosahihisha mitihani ya shule ya jioni, ila yeye aseme nyumbani.

Ukitoka huko, rudi kwa mkeo. Usijiandae kwa hotuba. Shusha boksi, liweke mezani, futa meza kwanza, mara mbili, kisha keti na umwache afungue. Usimweleze chochote mpaka akuulize. Akilia, mwache alie. Akicheka, nadhani atacheka, cheka naye. Na akikwambia "nilijua", usimwulize tangu lini, maana atakwambia, na itakuuma zaidi ya mizizi.

Kuhusu akina mama wa kikundi, hilo ni lake, usimpangie. Nakuhakikishia Jumamosi ile ataingia na gauni lake jipya na hadithi nzuri zaidi kuliko aliyokuwa nayo, na wewe utaketi pembeni utachekwa na wanawake arobaini. Unastahili. Chekeni wote.

Limebaki moja, na hili usinikatalie. Mwisho wa mwezi, siku watu wametoka kupokea mishahara, saa ambayo foleni imefika mlangoni, uende dukani na mkeo. Umwambie akukatie kuponi kwenye gazeti, ya karatasi, kwa mkasi wake. Yeye asimame nyuma yako, wewe uwe mbele. Ukifika kwa keshia usitoe kadi kwanza. Toa ile kuponi kwa mkono wako mwenyewe. Akiigeuza, mwache aigeuze. Akiinyanyua juu kumwita msimamizi, simama pale pale ulipo. Na watu wakigeuka kukutazama, wasalimie.